Majibu Yetu Yako Wapi?

(Hotuba iliyotolewa kwenye kikao cha wakaazi wa Lucky Summer, Nairobi. Tunaiweka hapa kwa sababu wengi waliiomba.)

Nimepewa dakika kumi na tano. Nitajaribu nisizipite, maana najua kuna mama hapa wameachia majirani biashara.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa namaliza diploma yangu ya maendeleo ya jamii. Ili umalize lazima ufanye utafiti, uandike, ujalidishe kitabu na ukipeleke chuoni. Mimi nikachagua kina mama wenye biashara ndogondogo hapa mtaani: mtaji wanatoa wapi, kwenye chama au mkopo wa simu, na faida inaishia wapi. Nikatengeneza fomu ya maswali, nikazunguka nayo. Mama mboga, mama wa omena, wa mitumba, wa viazi karai. Watu arobaini. Kila mmoja nilimwambia maneno yaleyale: "Mama, hii ni ya shule tu. Nikimaliza nitakuletea majibu."

Alama nilipata, tena nzuri. Kitabu kiko kwenye maktaba ya chuo, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu. Wale kina mama arobaini hawajawahi kukiona.

Mwaka jana nikapita kwa yule mama wa viazi karai karibu na steji. Akanifungia viazi, akaniangalia, akaniuliza: "Mwanangu, yale maswali uliniuliza, majibu yalitokaje?" Hakuwa ananilaumu. Alitaka tu kujua kama wenzake nao wanaumizwa na mikopo ya simu, au ni yeye peke yake hajui kupiga hesabu.

Nilisimama pale na kifuko changu cha viazi, nikaona aibu. Jibu nilikuwa nalo miaka yote hiyo. Hakuwa peke yake, walikuwa wengi. Lakini huyo mama alibeba mzigo wa kudhani yeye ndiye mjinga, kwa sababu mimi nilidhani kitabu ni cha mwalimu.

Kwa hivyo leo nataka tuzungumze kuhusu watu wa risachi. Mnawajua. Wanakuja na fomu, siku hizi wanakuja na tableti. Mmoja anauliza mtoto anasoma shule gani na unalipa ngapi. Mwingine anauliza biashara yako inaingiza pesa ngapi kwa siku. Mwingine anauliza mnakula mara ngapi, choo mnashiriki nyumba ngapi, na mume yuko wapi. Unajibu kila kitu, hata kile hujamwambia dada yako. Anakupa sabuni au kredo ya shilingi mia, anashukuru, anaondoka. Na hapo ndio mwisho wa habari.

Sasa, mtu asitoke hapa akisema nimewaambia mfukuze watafiti. Hapana. Nitawapa mfano wa hapa kwa jirani zetu Korogocho, ambao tuko nao eneobunge moja la Ruaraka.

Mwaka wa 2000, kituo cha utafiti kinachoitwa APHRC, chenye makao yake hapa Nairobi, kilifanya utafiti kwenye mitaa ya mabanda ya jiji hili. Kabla ya hapo, ukiuliza watoto wa Nairobi wana afya gani, serikali ilikuwa na namba moja ya Nairobi nzima. Na namba hiyo ilikuwa nzuri: kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, kama 62 walikuwa wanafariki kabla ya kufika miaka mitano. Vijijini walikuwa 113. Kwa hivyo kila mtu aliamini mtoto wa jiji ana nafuu.

Utafiti ulipohesabu mabanda peke yake, ilitoka 151. Yaani mtoto wa mabanda wa Nairobi alikuwa kwenye hatari kuliko mtoto wa kijijini, na hakuna aliyekuwa anamwona, kwa sababu alikuwa amechanganywa kwenye hesabu moja na mtoto wa Lavington. Ndugu zangu, kama hujahesabiwa peke yako, shida yako inafunikwa na raha ya mwenzako.

Kutoka 2002 kituo hicho kikaanza kufuatilia familia za Korogocho na Viwandani, nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka. Nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kutoka huko likatokea jambo la elimu ambalo linatuhusu sisi wazazi. Mnakumbuka 2003 serikali ilitangaza elimu ya msingi ni bure. Wengi wakadhani watoto maskini sasa wote wako shule za serikali. Watafiti wakalinganisha Korogocho na Viwandani na mitaa yenye nafuu kidogo, Jericho na Harambee. Wakakuta kinyume. Watoto wa Jericho na Harambee ndio wengi walikuwa shule za serikali. Maskini wa mabanda, wengi wao walikuwa wanalipa karo kwenye shule ndogo za kibinafsi za mtaani, kwa sababu shule za serikali karibu nao ni chache na zimejaa. Matokeo hayo yalichapishwa 2010.

Fikirieni. Mzazi wa Korogocho alikuwa anaulizwa, "Kwa nini unalipa karo na serikali imesema bure?" Anaonekana hajui. Kumbe kuna utafiti umeandika sababu, na sababu ni upungufu wa shule. Hiyo karatasi angekuwa nayo mkononi siku ya kikao cha bajeti ya kaunti, angeongea tofauti. Nawauliza nyinyi mnaoishi hapa: nani kati yenu amewahi kuiona? Mkono mmoja? Hakuna.

Huo ndio upande wa kwanza. Utafiti mzuri umefanywa juu yetu, na faida yake haijafika kwetu.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Twende Kayole Soweto, hapo tu.

Mwaka wa 2020 ulitoka utafiti wa wachumi wanne wakishirikiana na Benki ya Dunia na kampuni ya maji ya jiji. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya kweli: ploti nyingi Soweto zilikuwa na deni la maji, na kampuni isipolipwa haiwezi kuendelea kuleta maji. Swali lao: ni njia gani itafanya watu walipe? Ploti zikagawanywa kwa kura. Kuna waliotembelewa na kuzungumziwa ana kwa ana. Kuna waliopewa notisi: lipa deni au mfereji ufungwe, na kuna waliofungiwa kweli. Matokeo? Mazungumzo hayakubadilisha malipo. Vitisho vya kukata maji vilibadilisha, watu wakalipa.

Utafiti ulipotoka kukawa na kelele kubwa mtandaoni, Wakenya na hata wasomi wa nje. Watafiti wakajibu kwa maandishi. Walisema kukata maji kwa asiyelipa ilikuwa sera ya kampuni tangu mwanzo, na kwamba maadili ya utafiti yalikaguliwa. Nawapa haki yao, hilo jibu lipo na mtu alisome.

Lakini mimi nimekulia kwenye ploti, na nyinyi pia. Akaunti ya maji ni ya mwenye ploti. Mara nyingi mpangaji analipa maji ndani ya kodi, au analipa kwa mtungi. Mwenye ploti asipopeleka hiyo pesa, mfereji unafungwa kwa nani? Unafungwa kwa yule mama aliyekwisha kulipa. Yeye ndiye ataamka saa kumi ya usiku kutafuta maji na mitungi miwili. Swali langu ni la mtu wa kawaida: huyo mpangaji aliambiwa yuko ndani ya jaribio? Alipewa nafasi ya kusema sitaki? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu. Kitu ambacho ni haki yako, mtu akitaka kukifanyia majaribio, aanze kwa kubisha mlango wako.

Kwa hivyo tufanye nini? Sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Mtafiti anatakiwa kuwa na leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa na sheria ya 2013. Masharti ya leseni yanamtaka ajitambulishe kwa wakuu wa kaunti kabla ya kuanza, na apeleke ripoti yake kwa tume akimaliza. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Habari zako ni zako. Una haki ya kuambiwa zinachukuliwa kwa ajili gani, na ukiona zimetumiwa vibaya unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data. Mtoto hachukuliwi habari zake bila mzazi au mlezi kukubali.

Basi mtu akija mlangoni, mkaribishe, mpe kiti, halafu umuulize mambo matano:

Moja, wewe ni nani na umetumwa na nani? Nionyeshe leseni.

Mbili, unatafuta kujua nini? Aniambie kwa Kiswahili ninachoelewa. Kama hawezi kueleza, labda yeye mwenyewe haelewi.

Tatu, jina langu, simu yangu na picha yangu vitakaa wapi, na nani ataviona?

Nne, nikikataa, au nikichoka katikati, kuna kitu nitapoteza? Jibu sahihi ni hapana. Akikwambia utaondolewa kwenye orodha ya msaada, huyo si mtafiti, huyo anakulazimisha.

Tano, majibu nitayapata lini na kwa njia gani? Hili swali msilisahau. Mtafiti akikosa jibu hapa, mwambie aende akalitafute kwanza.

Na vijana mliosoma, wa diploma na digrii, mnaofanya hizi kazi za kukusanya data kwa malipo ya siku: najua kazi ni ngumu kupata, mimi pia nimeifanya. Lakini wewe ndiye unayejulikana mtaani. Bosi akisharudi kwao, mama ataulizia majibu kwako.

La mwisho. Tunaweza pia kuuliza maswali yetu wenyewe. Mkiangalia Mukuru, wakaazi kupitia Muungano wa Wanavijiji na wenzao walishirikiana na vyuo vikuu wakahesabu maisha yao. Wakaonyesha kwamba mtu wa Mukuru analipa maji kwa bei ya juu kuliko mtu wa mtaa wenye mabomba. Agosti 2017 kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Baadaye zikaja barabara, mabomba, hospitali. Kazi haijaisha na shida bado zipo, lakini waliingia ofisini na namba mkononi, na ilikuwa namba yao.

Pendekezo langu kwa Lucky Summer ni dogo. Tununue daftari moja, likae hapa ukumbini. Kila mtafiti anayekuja mtaani aandike jina, taasisi, anachotafuta, na tarehe atakayorudisha majibu. Tarehe ikifika, tunampigia simu. Akirudi, tunaita kikao kama hiki, anasoma, tunauliza. Daftari ni shilingi mia na kitu. Hatuhitaji mfadhili.

Na mimi nimeanza kulipa deni langu. Niliandika matokeo yangu upya kwa Kiswahili, kurasa mbili, nikapiga chapa. Kati ya wale arobaini nimewapata ishirini na watatu. Wengine wamehama. Mmoja amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nikampa binti yake. Yule mama wa viazi karai alisoma zote mbili akiwa amesimama, mafuta yakichemka. Akazikunja, akaziweka kwenye kibeti chake cha pesa. Akaniambia, "Kumbe tuko wengi." Wiki iliyofuata aliwaita wenzake watano, na sasa wana chama ambacho sharti lake la kwanza ni mtu asikope kwa simu kabla ya kuongea na wenzake.

Hiyo ilitoka kwenye kurasa mbili zilizochelewa miaka. Habari za mtu ni amana. Ukizichukua, zirudishe.

Wanaotaka kusimamia daftari, tubaki hapa dakika tano baada ya kikao.