FUNDI NA MWANAGENZI: NGOMA HUJIFUNZWA WAPI?



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu. Nimechagua elimu isiyo na cheti, ingawa wengi wetu tumezaliwa katikati yake: elimu ya fundi wa ngoma na mwanagenzi wake.

Mgeni wa heshima akifika Mtwara hupokewa kwa sindimba. Sote tunapiga makofi. Lakini ni wangapi kati yetu tunaoweza kushika pigo la ngoma moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Tuangalie jinsi elimu hiyo inavyopatikana. Mwanagenzi hapewi ngoma siku ya kwanza. Huanza kwa kubeba ngoma za fundi na kuwasha moto wa kukanza ngozi. Kazi hiyo yaonekana ya kubebeshwa tu, kumbe ndilo somo la kwanza. Ngozi ikipata moto hukaza na sauti hupanda, na sikio hujifunza kuitambua sauti iliyokamilika kabla mkono haujagusa kitu. Baadaye hupewa ngoma ndogo, ile yenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, ashike pigo lisilobadilika. Ngoma inayozungumza na mchezaji huja mwisho. Katika mapiko, mchezaji aliyevaa kinyago hukatisha hatua zake pamoja na ngoma. Mpigaji akichelewa, kinyago hubaki kipande cha mti. Fundi haelezi sana. Hupiga, nawe ukarudia. Ukikosea, hupiga tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua rumba na chachacha kuliko ngoma za kwao, akaunda wizara ya utamaduni na vijana. Miaka hiyo ya 1960 kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na sindimba ikatoka Umakondeni ikaenea nchi nzima. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Hayo ni ya kujivunia. Hata hivyo, jukwaa lilidai malipo yake. Ngoma ya kukesha ikafupishwa ikawa ya dakika chache. Nyonga zikabaki, mafunzo yakapungua.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Huko India, ngoma ya bharatanatyam ilifundishwa na walimu wa kurithi, na mwanafunzi alimtumikia mwalimu wake kwa miaka. Mwaka 1936 Rukmini Devi alianzisha chuo cha Kalakshetra mjini Madras, ambao sasa unaitwa Chennai. Yeye mwenyewe alikuwa amefundishwa na mzee Meenakshisundaram Pillai, na wazee wa aina hiyo waliitwa kufundisha chuoni. Wenyeji wanabishana mpaka leo juu ya kilichopotea na watu walioachwa nje. Hata hivyo, chuo kilitambua kwamba elimu hiyo imo ndani ya mtu, na kwamba lazima mtu huyo aitwe na aheshimiwe.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, shule imwombe fundi kutoka vijiji vya jirani, aje kama mwalimu, asiwe kitumbuizo cha mahafali, na alipwe kwa msimu mzima. Fedha tuchange sisi wahitimu. Pili, achague mwenyewe vijana wachache, nao wamfuate kwake wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, baada ya mavuno, ngoma zinapolia. Tatu, ya jandoni yabaki jandoni. Tusimdai siri wala tusimrekodi bila ridhaa yake.

Najua wazazi watauliza kama mtihani wa kidato cha nne utasubiri. Hautasubiri. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Serikali yenyewe imekwisha kukiri kwamba mkono nao husoma.

Sisi watumishi wa serikali tumezoea kuamini kilichomo ndani ya jalada. Jalada likipotea, nakala hutafutwa masjala. Fundi wa ngoma hana jalada. Akifa bila mwanagenzi, hakuna kabati la kupekua. Nakala yake pekee ni kijana aliyekaa karibu naye.

Vijana, kijana huyo anaweza kuwa mmoja wenu. Mkienda kwake msitangulize daftari. Tangulizeni kuni za kukanzia ngoma. Mengine atawaonyesha mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, naomba suala la mchango liamuliwe kabla mkutano huu haujafungwa.