Ugumu Haufukuzi Baridi: Kuchagua Mfuko wa Kulalia Mlimani

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Biharamulo)



Najua baadhi yenu mnajiuliza: sisi wa Biharamulo na baridi ya mlimani, wapi na wapi? Hapa kwetu baridi ni ile ya alfajiri mwezi wa Juni na Julai. Unavuta blanketi, unajikunja, basi imekwisha.

Lakini hamtakaa hapa siku zote. Kuna watakaopanda Kilimanjaro na skauti au na shule. Kuna watakaomaliza kidato cha nne na kwenda Moshi kutafuta kazi ya kubeba mizigo ya watalii. Wapagazi wa kule huitwa wagumu. Jina zuri, lakini baridi hailijui. Kijana mwenye nguvu, akilala na blanketi moja na nguo mbichi, anaweza kufa usiku mmoja. Kinga ni bora kuliko tiba, kwa hiyo leo tuzungumze juu ya mfuko wa kulalia, ule ambao wengi huuita sliping begi.

Huko juu kuna baridi kiasi gani?

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa digrii 6 hivi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Marangu, kipo kwenye mita 4,700 hivi. Piga hesabu: tofauti ni kama digrii 20. Yaani alfajiri ambayo ufukweni kuna digrii 17, kule maji yanaganda. Na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, tena kuna upepo.

Mfuko unafanya kazi gani?

Sikilizeni hapa vizuri. Mfuko hautoi joto hata kidogo. Joto linatoka mwilini mwako, kwa chakula ulichokula. Kazi ya mfuko ni kulizuia lisitoroke, na kinachozuia hasa ni hewa iliyotulia ndani yake. Mmeona kuku anavyojitutumua wakati wa baridi? Anakusanya hewa katikati ya manyoya.

Ndiyo maana mifuko mizuri hujazwa manyoya laini ya kifuani mwa bata, yale yaliyo chini ya manyoya magumu. Ni mepesi, yanakunjika, na ukiyaachia yanafumuka na kushika hewa nyingi. Kwa mtu anayetembea siku tano au sita huo ni msaada mkubwa. Ila yana adui mmoja, naye ni maji. Yakilowa yanashikana kama uji, hewa inatoka na joto linakwenda nayo. Mfuko wa nyuzi za viwandani ni mzito zaidi, lakini ukilowa unabakiza joto kiasi, na bei yake huwa nafuu. Kwa hiyo kama huna njia ya uhakika ya kuukinga na mvua, chagua huo wa nyuzi, wala usione haya.

Soma lebo

Mifuko mingi ina lebo yenye namba tatu. Ya kwanza, Comfort, ni baridi ambayo mtu wa kawaida atalala kwa starehe. Ya pili, Limit, ni mpaka: mwanamume wa kawaida atalala akiwa amejikunja. Ya tatu, Extreme, ni ya hatari: hapo tunazungumzia kunusurika saa chache tu, na mwili unaweza kupoa vibaya. Wauzaji wengine hukuonyesha hiyo ya tatu, maana ndiyo inayovutia. Usidanganyike! Fuata ya kwanza. Kwa Kilimanjaro tafuta mfuko ambao Comfort yake ni digrii 10 chini ya sifuri, au chini zaidi.

Mtumba au wa kukodi

Wengi wetu hatununui mpya. Moshi kuna maduka ya kukodisha, na tangu mwaka 2003 upo mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, ambao huwaazima nguo na vifaa vya mlimani. Popote utakapoupata, ukague hivi:

1. Ufungue, uutikise, usubiri kidogo. Ukibaki bapa kama gunia tupu, manyoya yamechoka.
2. Uinue kwenye mwanga. Penye mwanga mwingi hapana manyoya, na baridi itapita hapo.
3. Funga zipu mara tatu. Ikikwama dukani, usiku itakushinda.
4. Ingia ndani. Uwe na kofia ya kufunika kichwa, na miguu isisukume mwisho wake. Usiwe mpana mno pia, maana utakuwa unapasha joto nafasi tupu.
5. Nusa. Harufu ya uvundo maana yake ulihifadhiwa ukiwa mbichi.

Usisahau chini

Manyoya unayoyalalia yanabanwa na mwili, kwa hiyo hayazuii kitu. Ardhi inanyonya joto. Lazima uwe na godoro jembamba la sponji au mkeka mnene. Wazee wa Ngara wanakumbuka Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka Rusumo ndani ya siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco wakati wa masika. Maturubai ya plastiki yalihitajika sawa na mablanketi. Blanketi juu ya tope halisaidii.

Kabla ya kulala badili nguo, vaa kavu, na ule. Mfuko uutie ndani ya plastiki ukiwa safarini.

Mambo mawili ya kufa na kupona

Kwanza, usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, wala chumbani hapa kwetu. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Unasinzia, huamki.

Pili, mtazame mwenzako. Akitetemeka sana, akaongea kama mlevi na kujikwaa, mwili wake umeanza kupoa. Akiacha kutetemeka huku amechanganyikiwa, hali ni mbaya zaidi. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo mbichi, mwingize kwenye mfuko mkavu. Kama ana fahamu, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu. Mwite kiongozi, ateremshwe.

Najua mtu atauliza: na pombe kali? Inakudanganya. Inapeleka damu kwenye ngozi, unahisi moto, kumbe joto la ndani linatoka.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya mlimani, kabla ya kuuliza mshahara, uliza: nitalala wapi, na nitalalia nini? Jibu lisiporidhisha, usipande.

Sasa tuulizane maswali.