Namba Haisemi Mpigaji Yuko Wapi

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za simu



Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wananchi, ni machache yanayorudi mara nyingi kama hili: mtu amenipigia, namba yake ninayo, kwa nini basi nisiambiwe yuko wapi? Anayeuliza huwa na sababu nzito. Mmoja ametapeliwa mchana kweupe, mwingine ameibiwa simu ndani ya daladala, mwingine ana kijana aliyeondoka nyumbani akapiga mara moja tu kwa namba ngeni, kisha kimya. Swali lao ni la haki, na jibu letu halina budi kuwa la kweli hata kama halitawafurahisha: namba ya simu haibebi mahali. Tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini, maana asiyelielewa jambo hili huibiwa mara ya pili na wale wanaojidai kumsaidia.

Zamani haikuwa hivyo. Simu ya mezani ilifungwa kwa waya, na waya ule ulikwenda katika nyumba moja au ofisi moja. Aliyeijua namba aliweza kuijua nyumba. Hata leo, namba ya mezani inayoanza kwa 022 ni ya Dar es Salaam, na 024 ni ya Zanzibar. Simu ya mkononi ilikata uzi huo. Tarakimu zake za mwanzo hazikuwahi kutaja mkoa. Zilitaja kampuni tu. Na tangu mwaka 2017, mteja aliporuhusiwa kuhama kampuni bila kubadili namba, hata kampuni hazitajwi tena kwa uhakika. Alama ya +255 nayo hutuambia laini ilitolewa nchi gani. Mwenye laini hiyo anaweza kuwa Muscat au Lubumbashi akiongea nanyi kwa laini yake ya nyumbani.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Namba inayotokea kwenye kioo cha simu yenu ni maandishi yanayotumwa na mtambo ulioanzisha simu. Tuifananishe na jina la mtumaji nyuma ya bahasha: posta huipeleka barua kwa anayeandikiwa, lakini haimhakikishi aliyejiandika nyuma. Kwa simu ya kawaida iliyotoka kwenye laini ya mkononi, mtandao ndio unaoandika namba hiyo, na kwa kawaida huwa sahihi. Lakini simu zinazopigwa kupitia intaneti huweza kupewa namba yoyote, hata ya benki au ya ofisi ya serikali. Marekani, ambako udanganyifu huu umewasumbua watu kwa miaka mingi, iliyalazimu makampuni makubwa ya simu kuanzia Juni 2021 kuweka mfumo wa kuithibitisha namba ya mpigaji, na bado simu za uongo hazijaisha huko. Kwa hiyo namba kufanana na ya benki yenu si ushahidi kwamba anayeongea yuko benki. Mkitilia shaka, kateni, kisha pigeni wenyewe ile namba iliyoandikwa kwenye kadi yenu au kwenye kituo cha huduma.

Sasa tuje kwenye minara, maana hapa ndipo penye maneno mengi ya mitaani. Simu ikiwashwa hujitambulisha kwa mtandao mara kwa mara, hata kama haitumiki. Mtandao huhifadhi kumbukumbu ya eneo, yaani kundi la minara, ambamo simu hiyo imo, ili akitokea wa kuwapigieni ujue pa kuwatafutia. Mnapopiga au kupokea, huandikwa pia mnara uliohudumia simu na upande wake, kwa kuwa minara mingi ina pande tatu, kila upande ukielekea theluthi ya duara. Mitambo inaweza vilevile kukadiria umbali kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia njiani. Katika teknolojia ya kizazi cha pili, ambayo simu ndogo za vitufe huitumia, kipimo hicho hupanda kwa hatua za takriban mita 550.

Hebu tupime maana yake. Katikati ya mji kama Kariakoo, minara hukaribiana, na eneo la mnara mmoja huweza kuwa mita mia chache. Ndani ya mita hizo wamo maelfu ya watu, ghorofa juu ya ghorofa, na mnara haujui nani yuko duka gani. Vijijini mnara mmoja wa kizazi cha pili huweza kuhudumia hadi umbali wa kilomita 35. Humo mna vijiji, mashamba na mapori. Simu iliyoko Namanga au Tunduma inaweza hata kushika mnara wa ng'ambo ya mpaka, mwenyewe akiwa hajavuka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kampuni yenye minara yenyewe. Anayewaambia kwamba kwa kuiandika namba tu atawaonyesha mlango wa nyumba ya mpigaji anadai kujua kuliko mwenye mnara.

Mtatuuliza: mbona simu zetu huonyesha ramani na alama iliyosimama pale pale tulipo? Ni kweli. Simu janja hupokea ishara za setilaiti, na kwenye uwazi hukadiria mahali kwa tofauti ya mita chache. Lakini ujuzi huo unabaki ndani ya simu ya mwenyewe. Hausafiri pamoja na sauti anapompigia mtu. Utatoka tu ikiwa mwenyewe ameamua kuutuma, au programu aliyoiruhusu inautuma, mara nyingine bila yeye kukumbuka kwamba aliiruhusu. Kwa simu za WhatsApp hali ni ya mbali zaidi. Hizo hupita kwenye intaneti, na namba inayoonekana ni jina la akaunti tu. Laini iliyotumika kuifungua akaunti inaweza kuwa imewekwa kabatini, au katika nchi nyingine kabisa.

Basi anayeweza kujua, walau kwa kukadiria, ni kampuni ya simu. Je, kwa nini haiwaambii? Kwa sababu sheria inaikataza. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma kutunza siri za wateja wao na kuzitoa kwa wale tu walioruhusiwa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito juu ya hilo. Tunafahamu kwamba aliyeibiwa huona sheria hizi zinamlinda mwizi. Sisi hatuoni hivyo. Kama mfanyakazi wa kampuni angeruhusiwa kumnong'oneza mteja mahali alipo mteja mwingine, mwenye kufaidi wa kwanza angekuwa yule mwanamume ambaye mkewe amemkimbia kwa kipigo, na mdai mwenye hasira, na huyo huyo tapeli. Njia iliyo halali hupita polisi: malalamiko yanaandikwa, mpelelezi anaomba taarifa kwa utaratibu wa sheria, kampuni inajibu. Njia hiyo ni ndefu, nasi hatutaki kuwapamba kwa kusema ni fupi.

Ndipo wanapoingia wauza matumaini. Kuna matangazo yanayoahidi kuonyesha mahali ilipo namba yoyote kwa ada ndogo. Mwenye shida hulipa, kisha huambiwa alipe tena ili ramani ifunguke, na ramani ikifunguka huonyesha katikati ya jiji la Dar es Salaam, jambo ambalo hata mtoto angeweza kulibahatisha. Nyingine ni programu za kupakua bure, zinazoomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, ujumbe mfupi na mahali mlipo. Zingatieni hapo: ujumbe mfupi ndimo zinamoingia namba za siri za mara moja na taarifa za miamala ya fedha. Aliyetafuta mahali pa mwingine anakuwa ametoa mahali pake na funguo za pochi yake.

Zipo pia programu zinazotaja jina la mpigaji asiyejulikana. Hizo si zote za kitapeli, ila zifahamike zinavyofanya kazi: mara nyingi jina hutokana na jinsi watu wengine walivyoliandika kwenye simu zao. Na sisi Watanzania tunaandikaje majina? "Juma Fundi Bomba Tabata." "Mama Neema Mbeya." Programu ikiwaonyesha "Juma Tabata", msidhani mtambo umemwona Juma akiwa Tabata. Mtu fulani, pengine miaka mitano iliyopita, alitaka tu kumtofautisha na Juma mwingine.

Katika hilo hilo, tuseme wazi jambo ambalo husemwa kwa chini chini. Kuweka kwa siri programu ya kufuatilia katika simu ya mume, mke au mchumba hakuhalalishwi na ndoa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa na kunasa mawasiliano ya watu. Anayehisi simu yake inafuatiliwa apitie orodha ya programu zake na ruhusa ya mahali iliyotolewa kwa kila moja, na abadili nywila ya akaunti yake ya barua pepe, kwa kuwa akaunti hiyo pekee huweza kumwonyesha mwingine ilipo simu. Kama anaishi na mtu anayemtisha, kwanza atafute msaada kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi, akitumia simu nyingine. Kuifuta programu ghafla huweza kumwamsha aliyeiweka.

Mnajua ile simu inayosema, "Mimi ni mwalimu wa mwanao, ameanguka shuleni, tuko hospitali, tuma hela ya matibabu sasa hivi." Nguvu yote ya uongo huu imo katika neno "tuko hospitali". Hakuna namba itakayowaonyesha kama kweli wako huko, na muda wa kuchunguza ndio hasa tapeli anaowanyima. Basi msishindane naye kwa mitambo. Pigeni namba ya shule mliyokuwa nayo tangu zamani, au mzazi mwenzenu aliye jirani na shule. Namba ya mwalimu mkuu iandikwe leo, kabla haijahitajika. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" utumeni kwenda 15040, na mkiulizwa, andikeni namba iliyoutuma. Mkiwa mmekwisha kutuma fedha, pigieni kwanza huduma kwa wateja ya kampuni yenu kuomba muamala uzuiwe, ndipo mwende polisi. Fedha hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache, mahali pa tapeli hapawezi kuzirudisha.

Kwa simu iliyoibwa, hesabu ni tofauti kwa sababu simu ni yenu na mahali pake ni penu kupajua. Ikiwa ni simu janja na mliiwashia huduma ya kuitafuta, ingieni kwa akaunti yenu kupitia simu ya mwingine mwone ilipo mara ya mwisho. Alama hiyo mpelekeeni polisi. Msiifuate wenyewe usiku. Kisha mfungiwe laini. Namba tambulishi ya simu, IMEI, hupatikana kwa kubonyeza *#06#, lakini lazima ibonyezwe simu ikiwa bado mkononi. Iandikeni mahali pamoja na risiti. Bila namba hiyo ni vigumu kuomba kifaa kizuiwe kwenye mitandao.

Tumesema sana juu ya kumtafuta mwingine. Ipo siku itakayowapasa ninyi mpatikane. Uingereza ilianza mwaka 2014 kutumia utaratibu ambao simu, ikipiga namba ya dharura, hutuma yenyewe mahali ilipo, na nchi kadhaa zimefuata. Msitegemee kwamba simu yenu itasema kwa niaba yenu. Mkipiga 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto, neno la kwanza liwe mahali, kabla ya kueleza kilichotokea, kwa maana salio, chaji na mtandao huweza kukatika wakati wowote. Tajeni mtaa, jina la barabara na namba iliyo kwenye kibao cha nyumba. Vibao hivyo vya anwani za makazi vilivyoenea tangu mwaka 2022 havikuwekwa kuwa pambo. Mkiwa barabara kuu, tajeni mji mlioupita na mnakoelekea. Msafiri wa usiku mwenye WhatsApp anaweza kumtumia ndugu mahali alipo kwa muda wa dakika 15, saa 1 au saa 8, na kisha huzimika kwenyewe.

Limebaki moja. Mara nyingi namba ya tapeli inapofuatiliwa kwa sheria, jina linalotokea ni la mtu mwingine asiye na habari, ambaye kitambulisho chake na alama ya kidole chake vilitumika kusajili laini asiyoijua. Msikubali wakala awaambie "kidole hakijasoma" mara tatu bila kuuliza kila mara kinasajili nini. Bonyezeni *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa namba ya kitambulisho chenu cha Taifa. Mkikuta ya kigeni, nendeni na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika, si kwa wakala wa mwavuli, mwombe ifutwe, nanyi msiondoke mpaka mmehakikisha tena kwa *106# kwamba imetoka.