Ubunifu huanzia kwa anayesikiliza

Mwaka 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikuwa wakijaribu huduma ya M-Pesa nchini Kenya pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji walipe madeni yao kwa simu. Wateja, kumbe, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Timu ingeweza kuwazuia. Badala yake iliwasikiliza, ikabadili mpango, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wito mwingine kabisa: tuma pesa nyumbani. Timu ya namna hiyo haijengwi kwa bonasi pekee. Hujengwa pale mtu anapoweza kumwambia bosi kuwa mpango haufai, na kesho bado ana kazi. Wakuu wa kampuni, mwiteni kwenye kikao cha maamuzi yule anayeshinda na wateja.