Mkataba wa Maji wa Dar es Salaam

Wasikilizaji, katika nchi jirani ya Tanzania ulipata kutokea mgogoro mmoja wa kibiashara ambao, ijapokuwa ulikwisha kuamuliwa tangu mwaka 2008, unastahili kutazamwa upya na kila mtu aliyevaa sare ya dola. Wanasheria huutaja kwa sababu ya fidia ambayo haikulipwa. Askari wanayo sababu nyingine ya kuujua, kwani kosa lililoitia Serikali hatiani halikuwa katika kuvunja mkataba, bali katika namna mkono wa dola ulivyotumika kabla mkataba wenyewe haujamaliza kusema.

Mnamo tarehe 19 Februari 2003, DAWASA, yaani mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ilitia sahihi mkataba wa ukodishaji wa miaka 10 na kampuni iliyoitwa City Water. Asilimia 51 ya hisa zake zilikuwa mikononi mwa Biwater Gauff, ubia wa wageni wa Uingereza na Ujerumani. Asilimia 49 zilikuwa za Superdoll, kampuni ya huko huko Tanzania. Nyuma ya mkataba huo ulikuwapo mradi wa takriban dola milioni 140, uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine. Mabomba yaliendelea kuwa mali ya umma. Kazi ya City Water, iliyoanza tarehe 1 Agosti 2003, ilikuwa kuendesha huduma, kukusanya ankara za wateja, kubaki na fungu lake, na kuilipa DAWASA ada ya ukodishaji.

Mambo hayakwenda kama yalivyoandikwa. Makusanyo yalipungua, ada ikakawia na hatimaye ikakoma kulipwa ipasavyo. City Water ilidai kwamba takwimu ilizopewa kabla ya zabuni hazikuwa sahihi, na kwamba bei ya maji haina budi kutazamwa upya. DAWASA nayo ilijibu kwamba mpangaji asiyelipa hana haki ya kumwekea mwenye nyumba masharti. Kila upande ulishika nakala ya mkataba ule ule, na kila upande ukausoma kwa jicho la shida zake.

Hapo ndipo kazi ya kufasiri mkataba inapoanza, na si kazi ya mwenye sauti kubwa. Mfasiri huanza na maneno yaliyoandikwa, akaupima kila mfungu pamoja na mifungu mingine, akauliza ni nani aliyekubali kubeba hasara ipi siku ile ya kutia sahihi. Katika shauri hili wasuluhishi waliona kwamba zabuni ya wawekezaji haikuandaliwa vizuri na kwamba uendeshaji wao ulikuwa na kasoro kubwa. Kuomba mazungumzo mapya lilikuwa jambo halali. Lakini upande wa pili haukulazimika kukubali. Mfanyabiashara aliyetaja bei ndogo ili apate kazi hawezi baadaye kuligeuza kosa lake la hesabu kuwa deni la wananchi.

Basi DAWASA ilikuwa na hoja nzito. Tena mkataba uliipa njia ya kuitumia hoja hiyo: notisi ya kusudio la kuvunja mkataba, na muda wa kungoja. Notisi ilitolewa tarehe 12 Mei 2005. Lau mambo yangaliachwa yafuate mkondo huo, mkataba ungalikwisha kwa utaratibu wake baada ya majuma machache tu.

Hayakuachwa. Siku ya pili yake, tarehe 13 Mei, Edward Lowassa, wakati huo Waziri wa Maji, alitangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Kisha kampuni ikanyang'anywa nafuu yake ya kodi ya ongezeko la thamani. Tarehe 1 Juni 2005 ofisi zake zilitwaliwa, uendeshaji ukakabidhiwa shirika jipya la umma, DAWASCO, na wasimamizi wake wakuu wakakamatwa na kufukuzwa nchini. Wakazi wengi wa jiji, waliochoka kungoja maji bombani, yawezekana hawakusikitika. Lakini hasira ya mteja, hata iwe ya haki kiasi gani, si mfungu wa mkataba.

Wawekezaji walikwenda ICSID, kituo cha kimataifa cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilichoko Washington, wakitegemea mapatano ya mwaka 1994 baina ya Uingereza na Tanzania. Uamuzi ulitolewa tarehe 24 Julai 2008, na unahitaji kusomwa kwa makini. Jopo lilitenganisha mambo mawili. DAWASA kuvunja mkataba kwa sababu ya kutolipwa lilikuwa jambo la kibiashara baina ya wenye mkataba. Matendo ya Serikali, yaani tangazo la Waziri, kuondolewa nafuu ya kodi, kutwaliwa kwa ofisi na kufukuzwa kwa wasimamizi, yalikuwa matendo ya dola, na yalivunja mapatano ya mwaka 1994. Hata hivyo fidia haikutolewa hata senti moja, maana kufikia Juni 2005 biashara hiyo ilikuwa imekwisha kupoteza thamani yake kwa makosa ya wenyewe. Katika usuluhishi mwingine, uliohusu mkataba wenyewe, DAWASA ilikuwa imekwisha kupewa ushindi na fidia ya takriban pauni milioni 3.

Wapo watakaosema: kama Tanzania haikulipa fidia, kosa liko wapi? Liko hapa: nchi iliyokuwa na haki ilijitia katika kesi ya miaka kadhaa kwa kukataa kungoja majuma machache. Na haikuepuka fidia kwa sababu ya hatua zile za Juni; iliepuka kwa sababu mshindani wake alikuwa amekwisha kufilisika kabla yake. Mshindani mwenye biashara hai angaliondoka na fedha nyingi.

Jambo hili haliko mbali na kambi. Ofisa ugavi anayengoja viatu, unga au vipuri kutoka kwa mzabuni aliyechelewa yumo katika hali ile ile. Pengine mkataba wake unataja siku za notisi na dhamana inayoweza kudaiwa benki. Ofisa huyo hukataa mali mbovu kwa maandishi, wala hatii sahihi hati ya kupokea ili amwonee mzabuni huruma, kwani sahihi hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza mbele ya msuluhishi. Kumtuma askari akamkamate mzabuni kwa deni hakuleti viatu.

Na mkuu wa kituo anayeamriwa kwenda kufunga lango la kampuni kwa sababu ya mgogoro wa mkataba anayo maswali ya kuuliza kabla gari halijaondoka: amri hiyo imetolewa na mahakama gani, iko wapi kwa maandishi, na je, muda wa notisi umekwisha? Mjini Dar es Salaam, tarehe 1 Juni 2005, muda huo ulikuwa bado.