Parvo: Mtoto wa Mbwa Akigoma Kula

Msikilizaji, mtoto wa mbwa aliyekuwa akirukaruka jana, leo amejikunyata pembeni. Hagusi chakula, anatapika, kisha anaharisha damu yenye harufu kali. Usingoje kesho. Mara nyingi hiyo ni parvo, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mwaka 1978, unaowaandama zaidi watoto wa mbwa wa wiki 6 hadi miezi 6.

Kuishiwa maji mwilini ndiko kunakowamaliza upesi. Mfunue mdomo: ufizi wa mwenye afya huwa wa waridi na umelowa, wa mgonjwa hupauka na kunata kidoleni. Vuta taratibu ngozi ya mabegani. Ikichelewa kurudi mahali pake, mwili umekauka. Mfunike apate joto, mpeleke kwa daktari wa mifugo atundikiwe dripu. Nakusihi, usimpe panadol, na akiwa anatapika usimnyweshe maji kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Wengi wanaowahiwa hupona.

Nyumbani, mtenge na mbwa wenzake. Kirusi hiki hukaa udongoni miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui. Osha sakafu kwanza, ndipo upige jiki, sehemu 1 kwa 30 za maji, uiache dakika 10.

Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16. Dozi moja haitoshi, maana kinga aliyonyonya kwa mama yake yaweza kuizuia isifanye kazi.