Kama onyo la Ajlun lingesomeka

Asubuhi ya Juni 5, 1967, ndege za Israel zilizikuta ndege za kivita za Misri zimeegeshwa wazi viwanjani. Mkuu wa majeshi ya Misri, Abdel Hakim Amer, alikuwa angani akielekea Sinai, hivyo mizinga ya kutungulia ndege iliamriwa isifyatue. Onyo kutoka rada ya Ajlun, Jordan, halikusomeka Cairo kwa kuwa namba za siri zilikuwa zimebadilishwa.

Je, kama lingesomeka? Huenda Sinai isingetekwa kwa siku chache. Lakini jeshi lenye amri zinazogongana lingekwama tu mbele ya safari. Anayewaza historia mbadala asiishie kulaumu bahati, ahoji uongozi. Misri ilijisahihisha, ikajenga maficho ya zege ya ndege zake, na Oktoba 1973 ikavuka Mfereji wa Suez.